Kagua Mwili wa Boti Kabla ya Kulipa
Somo kwa mnunuzi wa boti ya mbao iliyotumika

Boti iliyotumika mara nyingi huoneshwa kwa mnunuzi ikiwa majini, imepakwa rangi mpya, na mashine ikinguruma vizuri. Mnunuzi huisikiliza mashine, hukagua nafasi ya mizigo, hupatana bei, kisha hulipa. Mbao zilizo chini ya maji, ambazo maisha yake na ya wenzake yatazitegemea, hajaziona hata mara moja. Somo hili lina agizo moja kuu: usikamilishe malipo kabla ya mwili wa boti kukaguliwa nchi kavu na fundi uliyemchagua na kumlipa wewe mwenyewe.

Kwa nini ukaguzi ni kinga yako ya kwanza

Tanzania Bara, mauzo ya aina hii yanaongozwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 214). Kanuni yake ya jumla ni kwamba muuzaji hachukuliwi kuwa ametoa dhamana ya ubora ikiwa hakuitamka. Kanuni hiyo hulegezwa katika hali chache, hasa pale muuzaji anapokuwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo. Mvuvi anayeuza boti yake ya zamani kwa kawaida si mfanyabiashara wa boti. Ukigundua ubovu baada ya kulipa, huenda usiwe na pa kumshikia.

Aidha, hata unaponunua kwa mfanyabiashara, mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo ukaguzi wa juujuu ni hatari: unakunyima hoja bila kukupa taarifa. Ukiamua kukagua, kagua kwa ukamilifu.

Wakati na mahali pa kukagua

Pwani, bahari yenyewe hutoa nafasi. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Boti ikisogezwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, hubaki juu ya mchanga yanapopwa, na mnunuzi hupata saa chache za kuuona mkuku na pande zote mbili. Katika maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa hakuna maji kupwa na kujaa kwa kiasi cha kusaidia, hivyo ni lazima boti ivutwe juu ya magogo mwaloni. Patana mapema na muuzaji nani atawalipa wavutaji. Muuzaji akikataa kabisa boti isitolewe majini, kukataa huko ni jibu tosha.

Nani akague

Mtafute fundi wa boti asiye ndugu wa muuzaji, asiyeitengeneza boti hiyo, na asiyepata chochote mauzo yakikamilika. Mlipe ujira uleule, ununue au usinunue. Mwombe akuandikie alichokiona, hata kama ni ukurasa mmoja, akitaja kila ubao unaohitaji kubadilishwa na gharama yake.

Mambo ya kuangalia

1. Mkuku. Simama nyuma ya boti, funga jicho moja, na uangalie mkuku hadi mbele. Mkuku uliopinda au uliopanda katikati kama mgongo ni dalili kwamba kiunzi kimechoka. Ubao hubadilishwa; mkuku uliopinda ni shida ya kutengeneza karibu boti nzima.

2. Mbao zinazopakana na mkuku. Hapa ndipo unyevu hukaa muda mrefu. Fundi abonyeze kwa ncha ya kisu: mbao nzima hukataa, mbao iliyooza hupokea. Kisha agonge kwa nyundo ndogo kutoka mwisho hadi mwisho. Mlio mkavu ni dalili ya uzima, na mlio mzito uliozibwa ni dalili ya uozo au unyevu mwingi.

3. Mataruma. Ondoa sakafu ya ndani ili uione ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ambako maji hukusanyika. Miguu ya mataruma huoza hapo kwanza, na sakafu huficha.

4. Misumari. Michirizi ya kutu au weusi unaozunguka vichwa vya misumari huonesha kwamba chuma kinaliwa, na mbao inayokizunguka inalegea pamoja nacho.

5. Kalafati. Pamba iliyojazwa katika maungio iwe imebana na isitoke kwa kuvutwa na kidole. Viraka vya bati vinavyofunika maungio viulizwe kimoja kimoja: kipo lini, na chini yake kuna nini?

6. Matundu ya wadudu, kwa boti za baharini. Yupo mdudu wa baharini, jamii moja na chaza na kombe, anayeingia katika mbao akiwa mdogo sana na kukua ndani yake. Nje huacha tundu dogo kama la sindano, huku ndani akichimba njia pana. Mdudu huyu huishi katika maji ya chumvi, hivyo boti iliyotoka baharini na kupelekwa ziwani inaweza kuwa na mashimo yake ya zamani. Muulize muuzaji boti imefanya kazi wapi, na mara ya mwisho ilipakwa deheni au rangi ya kinga lini.

7. Rangi mpya. Rangi si kosa, lakini huziba macho. Omba ruhusa ya kukwangua sehemu chache, hasa karibu na mkuku.

Jaribio la majini

Baada ya ukaguzi wa nchi kavu, boti irudishwe majini ilale usiku kucha. Pima kina cha maji katika ngama jioni na alfajiri. Boti iliyokaa juani muda mrefu huvuja mwanzoni, kwa kuwa mbao zilikauka na kusinyaa. Zikinywa maji huvimba na uvujaji hupungua. Uvujaji usiopungua baada ya siku chache una sababu nyingine, na sababu hiyo itafutwe kabla ya malipo.

Vyeti havichukui nafasi ya ukaguzi

Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na Zanzibar husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA). Omba kuona nyaraka za boti, na hakiki kwamba jina la mmiliki na namba ya usajili vinalingana na vilivyo mbele yako. Lakini kumbuka: cheti huonesha hali iliyokuwepo siku ya ukaguzi. Boti iliyogonga mwamba wiki iliyofuata bado ina cheti kilekile.

Kuandikiana

Ukitakiwa kutoa malipo ya awali, yaandikwe kwamba yatarejeshwa iwapo ukaguzi hautakuridhisha. Maelezo muhimu ya muuzaji, kwa mfano kwamba boti haijawahi kuzama au kupasuka, yaandikwe na kutiwa saini mbele ya mashahidi.

Kisha tumia taarifa ya fundi. Tuseme boti inauzwa shilingi 6,000,000, na fundi anakadiria matengenezo ya shilingi 900,000. Una njia tatu: muuzaji atengeneze kwanza na fundi wako akague tena, bei ipunguzwe kwa kiasi hicho, au uache. Ujira wa fundi kwa boti usiyoinunua haukupotea.

Maswali ya kujipima

- Je, nimeuona mkuku wote kwa macho yangu?
- Je, fundi aliyekagua analipwa na mimi peke yangu?
- Je, boti imelala majini nami nikapima ngama?
- Je, ahadi za muuzaji zimeandikwa?

Ikiwa jibu la swali lolote ni hapana, fedha zibaki mfukoni mwako.