Saruji Iliyopotea Njia: Kutoka Mgongoni Hadi Mapafuni

Usishtuke kuona neno saruji katika makala ya elimu ya mwili. Simiti ya kujengea nyumba haimo humu. Ninayokusudia kuieleza ni saruji ya mifupa, ambayo madaktari huidunga ndani ya pingili ya uti wa mgongo iliyovunjika, na hasa vipi tone lake laweza kutoka mgongoni likaenda kukwama pafuni. Nilipolitaja jambo hili katika mkutano wa chama chetu, mwenzangu mmoja aliruka, "Wacha bwana! Mgongo na mapafu wapi na wapi?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo somo lenyewe.

Saruji hii huja ikiwa sehemu mbili: unga, na maji yenye harufu kali. Vikichanganywa huwa rojorojo kama uji, halafu hushikana ikawa kama dawa ya meno ya kukamua, kisha huganda ikawa ngumu kama jiwe. Ikiganda hutoa joto. Hayo yote huchukua dakika chache tu. Jina lake la kikemia ni refu la kuchosha ulimi, polimethaili methakrileti, nayo ni plastiki ya jamii ile ile inayotengenezewa ufizi wa meno ya bandia. Daktari Mwingereza John Charnley ndiye aliyeipa umaarufu katika miaka ya 1960 kwa kuitumia kushikiza nyonga za bandia. Mgongoni ilifika baadaye. Mwaka wa 1984, mjini Amiens, Ufaransa, Pierre Galibert na Hervé Deramond waliidunga katika pingili ya shingo ya mgonjwa mmoja ambaye mfupa wake ulikuwa umeliwa na uvimbe wa mishipa ya damu. Maumivu yakatulia. Tiba hiyo ikaitwa vatebroplasti, na leo aghalabu hufanyiwa wazee ambao mifupa yao imekuwa myepesi kwa kupungukiwa na madini.

Mimi nilianza kuyafuatilia mambo haya kwa sababu ya nyanya yangu. Mwaka jana aliinua ndoo ya maji, akasikia kitu kikilia "ko!" mgongoni, na picha ya eksirei ikaonyesha pingili moja imebonyea. Hospitalini tukaelezwa kwamba tiba ya saruji ni mojawapo ya njia zilizopo. Mjomba alikataa katakata, "Mama hawezi kutiwa simiti kama ukuta!" Nyanya mwenyewe hakubisha wala hakukubali. Aliuliza tu, "Daktari, mwanangu, na hiyo simiti ikikosa njia, yaenda wapi?" Daktari akavuta kiti, akachora nyuma ya kadi. Mchoro ule ndio ninaoujaza hapa kwa maneno.

Pingili ukiitazama kwa nje ni mfupa mkavu. Ndani yake lakini ni kama sifongo, ina vyumba vidogo vidogo vilivyojaa uboho na damu. Katikati yake hupita vena zinazoitoa damu hiyo nje na kuimwaga katika wavu mkubwa wa vena unaouzunguka uti wa mgongo mzima. Kidato cha Pili tulikariri kwamba vena zina vali za kuzuia damu isirudi nyuma. Basi hizi ni za kuvunja kanuni, vali hazina! Mwanaanatomia Oscar Batson wa Marekani aliueleza wavu huo mwaka wa 1940, akaonyesha jinsi damu inavyoweza kupanda au kushuka humo kulingana na mgandamizo.

Sasa fuata safari. Mgonjwa amelala kifudifudi, sindano nene imeingia ndani ya pingili, na saruji inasukumwa kwa nguvu. Ikipata mwanya wa vena, huingia. Kutoka wavu ule hupita vena za kiunoni au ile iitwayo azigosi, ikafika katika vena kuu, halafu moyoni upande wa kulia. Moyo haujui kama hii ni damu au ni plastiki. Kazi yake ni kusukuma, nao huisukuma kuelekea mapafuni. Huko mishipa huzidi kuwa myembamba kadiri inavyogawanyika, na kipande hukwama. Kitu chochote kinachosafirishwa na damu kikaenda kuziba mshipa, madaktari hukiita emboli. Mimi nimependelea kukiita kizibo, kwa maana hata mtoto anajua kizibo cha chupa hufanya nini.

Hapa ndipo zile dakika chache zinapokuwa na uzito. Saruji ikidungwa ingali uji, hutiririka kwenye vena kama maji mferejini. Ikingojewa mno, haisukumiki tena. Daktari huvizia ule wakati wa katikati. Saruji huchanganywa na bariamu salfeti ili ionekane kwenye eksirei, naye hudunga kidogo kidogo huku akiitazama kwenye kioo cha mashine. Akiona uzi mweusi unachepuka nje ya mfupa, husimama papo hapo.

Vizibo vingi vya namna hii ni vidogo, na mwenyewe hajui kama anacho mpaka apigwe picha kwa sababu nyingine. Kikiwa kikubwa, mtu hukosa pumzi, kifua humchoma, hukohoa, na mapigo ya moyo huenda mbio. Dalili zaweza kuja pale pale kitandani au baada ya siku kadhaa, akiwa nyumbani. Ndiyo sababu daktari alitusisitizia kwamba aliyefanyiwa tiba hii akianza kuhema, asiambiwe ni uzee au ni baridi. Arudishwe hospitalini upesi, na historia ya saruji itajwe. Donge la damu huweza kuyeyushwa kwa dawa, plastiki haiyeyuki. Dawa za kuzuia damu isigande hutolewa ili donge lisijijenge juu ya kipande kile, na mara chache sana hulazimu kupasua kifua.

Kulikuwa pia na swali kama tiba yenyewe yafaa. Mwaka wa 2009 yalichapishwa majaribio mawili yaliyolinganisha waliodungwa saruji na waliofanyiwa kila kitu isipokuwa kudungwa. Katika mojawapo walifungua hata chupa ya yale maji ili harufu isikike chumbani! Maumivu ya makundi yote mawili yalipungua karibu sawasawa. Madaktari wangali wanabishana, kwani wapo wanaosema wagonjwa wengine hunufaika. Nyanya alichagua dawa za maumivu na mshipi wa kiunoni. Si kwamba kila mtu afanye vivyo. Ya kwake ilikuwa imeanza kupona.

Kisa kimoja kilichapishwa na madaktari wa Marekani mwaka wa 2021. Mwanamume wa miaka 56, wiki moja baada ya kutiwa saruji mgongoni, alifika hospitalini kifua kikimuuma na pumzi hana, siku ya pili sasa. Picha ikaonyesha kitu moyoni. Walipompasua walitoa kipande cha saruji chembamba, urefu wake sentimita 10.1, kikiwa kimetoboa chumba cha juu cha moyo upande wa kulia na kuchoma pafu. Tundu likashonwa. Mwezi mmoja baadaye alikuwa karibu amepona kabisa.