Mwanangu mwenye usonji arudi shule?

Swali: Mwanangu ana usonji. Anajua kusoma na kuhesabu, lakini kelele za darasani zilimshinda, akaacha shule. Majirani wanasema nimwache tu nyumbani. Mnanishauri nini? – Mama, Rubona, Gisenyi

Jibu: Mama, usimwache. Kilichomtoa shuleni ni kelele, si uzito wa akili, na kelele hizo humuumiza kweli, si ukaidi. Mwone mwalimu mkuu ukiwa na maombi mahususi: akae pembeni karibu na ukuta, aruhusiwe kutoka kidogo akilemewa, aambiwe mapema ratiba ikibadilika. Hayo hayagharimu hata faranga moja. Aanze na saa chache za asubuhi, kisha aongezewe taratibu.

Wala huombi fadhila. Rwanda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na mwaka 2018 serikali ilitoa sera mpya ya elimu jumuishi. Hapo hapo Gisenyi kuna kituo cha jamii cha Ubumwe, kinachohudumia watu wenye ulemavu. Nenda kawaone wiki hii, na uende naye mtoto.