Mvua Ikikosa, Msitafutane Makosa



Kule Mwingi mkulima huitegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba kuliko ile ya Machi. Hiyo ikikosa, kunde na ndengu hukauka, mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa, na baba hupanda basi kwenda Nairobi kutafuta kibarua. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, sehemu nyingi kame za Kenya zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo.

Katika miaka kama hiyo ugomvi huingia nyumbani ukiwa umevaa nguo za dini. Mume asema, “Mungu ametuacha kwa sababu wewe huendi jumuiya.” Mke ajibu kwamba ni pombe yake iliyofunga mbingu. Kila mmoja anajua hakika Mungu anawaza nini!

Someni pamoja Kitabu cha Ayubu. Rafiki zake watatu walikuwa na sababu tayari: ametenda dhambi. Ayubu alilia, akalalamika, hata akamdai Mungu majibu. Mungu alimnyamazisha kwa maswali yasiyojibika. Lakini hasira yake iliwawakia wale rafiki, na Ayubu ndiye aliyewaombea. Basi unyenyekevu si kuficha uchungu. Mlilieni Mungu waziwazi. Ila kubalini kwamba sababu hamuijui, na usimtwike mwenzako sababu uliyojitungia.

Wahubiri wengi humsema vibaya mke wa Ayubu kwa maneno yake makali. Mimi humhurumia. Wale watoto kumi waliokufa walikuwa wake pia. Baba, mkeo akitamka neno baya siku unga umekwisha, kumbuka kwamba msimu huo umemwangusha yeye pia.

Tena kuna kiburi kinachojiita heshima. Mwanamume haoni vema kupanga foleni ya mahindi ya msaada. Amtuma mke, mtoto mgongoni, kisha auliza mbona ameleta kidogo. Mwingine kibarua kimekwisha tangu mwezi jana, naye hajamwambia mkewe.

Leo jioni, kabla ya sala, ambianeni bila kuficha: tuna nini, tunadaiwa nini, nani anaogopa nini. Kisha salini kwa maneno hayo hayo. Aliye mbali apigiwe simu Jumapili, na asiulizwe pesa kwanza.