Kabla Hujaiuliza Akili Mnemba, Zunguka Shamba

Mkulima anaandika kwenye simu: "Majani ya mahindi yangu yanakuwa ya njano, nifanye nini?" Programu ya akili mnemba inamjibu papo hapo aweke urea. Jibu linasomeka vizuri, na linaweza kumtia hasara.

Mahindi hugeuka njano kwa sababu nyingi. Njano ikianzia kwenye ncha za majani ya chini na kuingia katikati ya jani kwa umbo la V, mmea una upungufu wa naitrojeni, na urea itafaa. Ikianzia majani machanga ya juu, huenda ni salfa iliyopungua. Maji yakituama, mahindi hugeuka njano hata penye mbolea. Upo pia ugonjwa wa virusi ulioripotiwa Bomet, Kenya, mwaka 2011: madoa ya njano huanzia kwenye majani machanga, na hakuna mbolea wala dawa ya kuutibu. Mashine haioni shamba. Usichoiambia, hujazia kwa lililo la kawaida.

Mwaka 1945 mwanahisabati George Pólya, mzaliwa wa Budapest, aligawa utatuzi wa tatizo katika hatua nne: kulielewa, kupanga njia, kuifuata, na kurudi kukagua. Aliwaandikia wanafunzi wa hisabati, lakini tunaona hatua hizo zinamfaa kila anayetumia akili mnemba, hasa ile ya kwanza, ambayo wengi huiruka.

Kwa hiyo zunguka shamba ukiwa na daftari. Ni majani gani yameanza? Ni shamba zima au bondeni tu? Mahindi yana wiki ngapi? Uliweka mbolea gani, lini? Mvua imenyesha kiasi gani? Mara nyingine jibu utalipata hapo hapo, kabla ya kushika simu.

Ukiuliza, andika yote uliyoyaona, na usianze kwa kuomba dawa. Sema: "Nitajie sababu zinazowezekana, na dalili ya kutofautisha kila moja." Kisha rudi shambani na orodha hiyo, ukifuta isiyolingana na unachokiona.

Kukagua hakuna mbadala. Mwaka 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Zilikuwa na majina na tarehe, ila hazikuwahi kuwapo. Jina la kiuatilifu au kipimo chake vinaweza kubuniwa vivyo hivyo. Soma kibandiko cha chupa, muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako, na kwa Tanzania hakikisha kiuatilifu kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).

Dalili zikielekea naitrojeni, usimalize mfuko siku moja. Weka urea kwenye mistari mitano, mitano ya jirani iache, uilinganishe baada ya wiki moja au mbili.