Kuunganisha Maduka Mawili kwa VPN

Mwenye duka Tarime mjini na tawi Mugumu, wilayani Serengeti, anaweza kuunganisha ruta zake mbili kwa VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti ya kawaida, ili hesabu za mauzo zisisomwe na wengine zikiwa njiani.

Usalama huo hutegemea itifaki. Ruta nyingi za zamani zina PPTP. Tunashauri isitumike, kwani udhaifu wake umejulikana miaka mingi. L2TP peke yake haifichi chochote: iambatane na IPsec, yenye nenosiri refu lililo sawa pande zote mbili.

Kinachokwamisha wengi ni kidogo mno: ruta zote mbili kuachwa na anwani ya kiwandani, mathalani 192.168.1.1. Ruta ya Tarime haitajua kwamba kompyuta inayotafutwa iko Mugumu. Badilisha upande mmoja uwe 192.168.2.1. Aidha, ruta ya laini ya simu aghalabu haina anwani ya umma, nayo inahitajika walau upande mmoja. Muulize mtoa huduma kabla ya kununua kifaa.

Oktoba 13, 2023, TCRA ilitangaza kwamba watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa shughuli zao watoe taarifa kwake, ikiwamo anwani ya IP, ifikapo Oktoba 30. Kuitumia kufikia maudhui yaliyozuiwa ni kosa: faini isiyopungua shilingi 5,000,000, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.