SOMO: BINTI NA SHAMBA LA BABA YAKE

Soma: Hesabu 27:1-11, 36:1-12

Ndugu Wakristo, twasikia mara nyingi, "Haki za binadamu ni mambo ya Wazungu, sisi tuna mila zetu." Je, ni kweli?

Mwaka 1988 Bibi Holaria Pastory, Mhaya wa Muleba, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Alimwuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtu wa ukoo wake akamshtaki, akisema mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, hapa Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizotiwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Mwanamke aweza kuuza kama mwanamume auzavyo. Hata hivyo ukoo haukusahauliwa: uliruhusiwa kulikomboa shamba katika miezi sita, kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake.

Basi aliyedai haki hakuwa Mzungu, bali mama wa Kihaya.

Mabinti watano wa Selofehadi nao walisimama mbele ya Musa, wakadai urithi wa baba yao asiyekuwa na mwana. Musa hakuwafukuza. Alipeleka neno lao kwa Bwana, naye Bwana alisema kwamba wamenena haki. Baadaye wazee walihofu ardhi isihamie kabila jingine. Nao pia walisikilizwa. Majirani zetu Waislamu nao wanasoma katika Kurani kwamba binti ana fungu lake, ingawa kwa kawaida ni nusu ya fungu la kaka yake. Vipimo vyatofautiana, lakini kilio cha mwenye kudhulumiwa ni kimoja kila mahali.

Mila njema hulinda shamba ili wajukuu wale. Lakini mila isiyotaka kumsikiliza binti au mjane, inamlinda nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yampa mwanamke haki sawa katika ardhi. Lakini mara nyingi urithi hugawanywa nyumbani, baada ya matanga, nasi tumekaa pale pale. Tukinyamaza, tumeshiriki dhuluma hiyo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika ukoo wako, nani husema kwa niaba ya mjane?
2. Mabinti wale walirithi kwa kuwa hawakuwa na kaka. Kama wangekuwa naye, ingekuwa haki kuwanyima?
3. Ni mila gani ya kwetu inayofaa kushikwa, na ipi ya kuachwa?

Tuombe: Ee Bwana, uliyewasikiliza mabinti wa Selofehadi, utupe masikio kama hayo. Amin.