MIZANI YA HEWA: SOMO JUU YA MAWE YANAYOMEZA HEWA YA UKAA





Katika ukurasa wetu wa elimu mwaka huu tumechagua jambo linalozungumzwa sana na wataalamu wa mazingira. Wanasema yapo mawe ambayo yakisagwa na kumwagwa ufukweni, huivuta hewa ya ukaa kutoka angani na kuifungia baharini. Wengine wamekwisha kuanza kuiuza kazi hiyo kwa tani, kama mchele unavyouzwa kwa kilo. Sisi ambao madrasa yetu iko Msimbazi, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, tunalijua swali la kwanza la mnunuzi mwenye akili: je, mzigo huu umepimwa kwa mizani gani? Hilo ndilo swali la somo letu.

1. TUANZE NA CHOKAA

Hewa ya ukaa (kabonidayoksaidi) ni ile tunayoitoa tunapopumua, na ile inayotoka kila kinapochomwa kuni, mkaa, petroli au dizeli. Kabla ya viwanda kuenea duniani ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima huko Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kiasi cha 315. Mwaka 2024 ilipita 420. Hewa hii huzuia joto lisitoke duniani, na ndiyo sababu kubwa ya joto kuongezeka na bahari kupanda.

Sasa tutazame kitu tunachokijua. Wazee wetu wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, ni ushahidi. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuri. Mkichoma kilo 100 za jiwe la chokaa lililo safi, mtabaki na kilo 56 tu. Kilo 44 zimekwenda wapi? Zimeruka angani, nazo ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe.

Fundi akiizima chokaa kwa maji na kuipaka ukutani, hukauka na kuwa ngumu polepole. Ugumu huo hauletwi na kukauka peke yake. Chokaa huvuta tena hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa chokaa ni jiwe linalomeza hewa, nao umekuwa mbele ya macho yetu miaka yote.

Lakini tuhesabu vizuri. Tanuri lilitoa kilo 44, na ukuta hauwezi kurudisha zaidi ya kilo 44 zile zile. Juu yake kuna moshi wa kuni zilizochoma jiwe. Mfanyabiashara akitwambia, "Ukuta wangu umemeza kilo 44," amesema kweli, lakini ameficha nusu ya daftari. Tulishike neno hili, maana tutalihitaji mbele.

2. JIWE LISILOHITAJI TANURI

Liko jiwe jingine ambalo halikuwa na hewa ya ukaa ndani yake tangu mwanzo. Madini yake huitwa olivini, kwa sababu ya rangi yake ya kijani kama zeituni. Kito chake kizuri ndicho ambacho Waarabu hukiita zabarjad, na kipo kisiwa cha Misri katika Bahari ya Shamu chenye jina hilo, ambako kito hiki kilichimbwa tangu zama za kale. Hapa kwetu, mawe yenye olivini yaliyotoka chini sana ardhini yameonekana katika volkano ya Lashaine, karibu na Monduli.

Olivini ina magnesi na silika. Mvua au maji ya bahari yenye hewa ya ukaa ni asidi dhaifu. Maji hayo yakigusa olivini, jiwe huyeyuka kidogo kidogo, na hewa ya ukaa hugeuka kuwa bikaboneti, yaani aina ya chumvi iliyoyeyuka ambayo hukaa baharini kwa maelfu ya miaka. Kwa hesabu ya karatasini, kilo 100 za olivini safi zinaweza kumeza hadi kilo 125 za hewa ya ukaa. Hakuna tanuri, wala kilo 44 za kutoa kwanza.

Kazi hii si uvumbuzi wa mwanadamu. Mwenyezi Mungu ameijaalia katika milima na mito tangu zamani, nayo ni moja ya njia zinazoweka hewa ya dunia katika kipimo chake. Tatizo ni kwamba huenda polepole mno, na sisi wanadamu tunachoma haraka mno. Ndipo mwanajiolojia wa Uholanzi, Olaf Schuiling, aliyefariki mwaka 2021, akashauri kwamba tuisaidie: tusage jiwe ili chembe nyingi ziguse maji, kisha tuyaachie mawimbi ya ufukweni yaendelee kulisaga bila malipo. Faida nyingine anayoitarajia mwenye shauri hili ni kupunguza asidi ya bahari, ambayo huyadhoofisha matumbawe na kombe.

3. WALIOKWISHA KUJARIBU

Mwaka 2022 shirika la Vesta la Marekani liliweka mchanga wa olivini katika ufukwe wa Southampton, jimbo la New York. Mwaka 2024 likamwaga takriban tani 8,200 baharini karibu na mji wa Duck, North Carolina, ili wataalamu wafuatilie maji na viumbe.

Wenzetu wa Oman, ambako ndugu zetu wengi wanazungumza Kiswahili, wana milima mizima ya jiwe la jamii hiyo, liitwalo peridotiti. Huko mtu huona mistari myeupe ndani ya mwamba mweusi: ni hewa ya ukaa iliyogeuka jiwe. Kampuni iitwayo 44.01, iliyoanzishwa Oman, haimwagi mchanga. Huyeyusha hewa ya ukaa katika maji na kuyaingiza ndani ya mwamba. Mwaka 2022 ilipata tuzo ya Earthshot. Jina lake ni uzito wa hewa ya ukaa katika kemia, nao ndio ule ule wa kilo zetu 44 za chokaa. Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa. Ndani ya mwamba, mzigo umewekwa mahali pamoja na mtu aweza kurudi kuutazama. Baharini, mzigo husambaa.

4. MASHARTI MATATU YA SALAM

Mwaka 2020 kampuni ya Stripe ya Marekani ilikubali kulipia kwa Vesta tani 3,333 za hewa ya ukaa, kwa dola 75 kila tani, na wakati huo ufukwe wa Southampton ulikuwa haujamwagwa mchanga huo. Wanafunzi wa fiqhi mtaitambua mara moja sura ya biashara hii. Ni kulipa leo kwa kitu kitakachopatikana baadaye, na inafanana na bei ya salam. Watu wa Madina walikuwa wakilipana mapema kwa tende ambazo hazijaiva. Mtume (S.A.W.) hakuwakataza, bali aliwawekea sharti kwamba kipimo, uzani na muda vijulikane. Hatutoi fatwa hapa, kwani hiyo ni kazi ya wanavyuoni. Tunachofanya ni kuyatumia masharti hayo matatu kama taa ya kuangalia jambo jipya.

(a) Kipimo. Tende hupimwa kwa pishi. Bikaboneti iliyoyeyuka baharini itapimwaje? Mkondo huichukua na kuichanganya na maji mengi sana, hata chombo kizuri hushindwa kuitofautisha na ile iliyokuwamo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hesabu hutegemea majaribio ya maabara na makadirio ya kompyuta. Linganisheni na mradi wa Mikoko Pamoja huko Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, ulioanza mwaka 2013. Hekta 117 za mikoko huuzwa kwa kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimesaidia maji na shule za kijiji. Nao una makadirio yake, lakini mti unaonekana, unazungushiwa futi ya kupimia, na mwanakijiji mwenyewe anaweza kuuhesabu.

(b) Uzani. Hapa ndipo tunakumbuka daftari la chokaa. Ile 125 ya karatasini si uzani halisi. Kwanza, olivini ya machimbo haiwi safi. Pili, si yote inayoyeyuka huleta faida kamili ndani ya maji ya chumvi. Tatu, lazima kutoa moshi wa baruti, mashine za kusaga, malori na meli. Kadiri mchanga unavyosagwa laini na kusafirishwa mbali, ndivyo faida inavyoliwa. Tena tutazame ukubwa wa kazi: wanadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ya ukaa kila mwaka kwa kuchoma mafuta, makaa na gesi. Hata kwa ile hesabu ya karatasini, kuzifuta tani bilioni 35 kungetaka tani bilioni 28 za jiwe, kila mwaka.

(c) Muda. Hawaii kuna ufukwe uitwao Papakōlea wenye mchanga wa kijani wa olivini. Mchanga ule upo, watu wanautembelea, maana yake haukuyeyuka kwa siku moja. Chembe za ukubwa wa mchanga wa kawaida hukisiwa kuhitaji mamia ya miaka. Zikisagwa kama unga hupungua muda, lakini huongeza gharama ya kinu. Anayelipia tani leo na aulize: itakamilika nikiwa hai, au wakati wa vitukuu vyangu?

5. JAMBO HILI NA PWANI YETU

Msomaji anaweza kusema, "Haya ni ya Marekani na Oman, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, maji ya moto huliyeyusha jiwe hili haraka kuliko maji ya baridi, na bahari yetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Haitakuwa ajabu siku moja mtu kuja na makaratasi akitaka fukwe zetu. Olivini huwa na nikeli na kromi ndani yake, na wataalamu bado wanachunguza athari zake kwa viumbe vya baharini. Katika pwani hii wapo kina mama wanaookota chaza maji yakipwa, wapo wavuvi wa pweza na dagaa. Kanuni ya dini yetu ya kutodhuru wala kudhuriana inataka hao waulizwe mwanzo, si mwisho. Na serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kipo Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mwenye mzigo wa halali hataogopa kupita hapo.

Pili, gharama ya kungoja tumekwisha kuiona. Mto Msimbazi huanzia milima ya Pugu, ukapita Jangwani na kuingia baharini penye daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 hapa Dar es Salaam, na wakazi wengi wa bonde hili wakahamishiwa Mabwepande. Mvua kubwa zilikuwapo tangu zamani, na takataka na ujenzi bondeni vina sehemu yao. Lakini dunia yenye joto zaidi huleta mvua nzito zaidi, na bahari iliyopanda huuzuia mto kutoka. Kwa hiyo hatusemi njia mpya zikataliwe. Tunasema zipimwe, na wakati zinapimwa, mikoko iliyopo mdomoni mwa mto wetu isikatwe.

6. MWISHO

Surat Al-Mutaffifin imewaonya vikali wanaopunja vipimo. Kariakoo, Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya muuza nyama na muuza nyanya. Hewa nayo sasa imeingia sokoni, na atakayekagua mizani yake ni lazima ajue kemia, hesabu, na amana. Tungependa baadhi yao watoke katika madarasa haya.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kilo 250 za jiwe la chokaa safi zikichomwa, hutoa kilo ngapi za hewa ya ukaa? Ukuta waweza kurudisha kilo ngapi?
2. Tani 10 za olivini zimemeza tani 8 za hewa ya ukaa. Kusaga na kusafirisha kumetoa tani 3. Ni tani ngapi anazoruhusiwa kuuza mtu mwaminifu?
3. Taja masharti matatu ya salam, kisha ueleze lipi ni gumu zaidi kulitimiza baharini, na kwa nini.